Hodi ya Kiti cha Saba

"Wewe ulichofanya ni kufuta tu! Kufuta hata kuku anaweza, akikatiza juu ya kibodi."

"Na wewe ulichoandika ni mstari mmoja. Mmoja, Tusekile! Mzee Anyosisye anaandika mirefu kuliko huo akiomba ruhusa ya kwenda msalani."

"Mimi msinitie humo," Mzee Anyosisye akasema kutoka kiti cha tatu, bila kugeuza kichwa.

"Umefuta jina langu, Subilaga. Jina langu! Kwenye nyumba arobaini na moja!"

"Lilikuwa limeziba mlango."

Tuwaache hapo hapo kwanza, wamekabiliana, kila mmoja mikono kiunoni. Mimi nimewaletea kesi yao. Hukumu sikuja nayo, maana hata aliyekuwepo hakuipata. Kama mko tayari kuibeba, niambieni "ilete", kisha sogeeni karibu.

Basi.

Lufumbi iko juu kule Rungwe, mahali ambapo nguo inaanikwa Jumatatu na kukauka Ijumaa. Katikati ya kijiji kuna banda la zamani la kupimia majani ya chai. Mizani iliondolewa, zikaingia meza, skrini nane na viti vinane, na kwenye kona mashine moja kubwa inayozilisha skrini zote. Hapo ndipo tulioacha shule tunasoma. Tuko arobaini na mmoja. Mdogo ana miaka kumi na mitano, mkubwa ni Mzee Anyosisye, ambaye hataki kuulizwa umri wake. Kila mmoja wetu ana jina lake, nywila yake, na nyumba yake ndani ya ile mashine kubwa, yaani mahali pa kuweka faili zake.

Wanaoitunza mashine ni wasichana watatu, na kila mmoja ana kipaji chake.

Tusekile ana kumbukumbu. Akisoma kitu mara moja, kimekaa. Aliacha shule kidato cha pili mama yake alipovunjika mguu, lakini mpaka leo ukimwuliza ukurasa wa arobaini wa kitabu cha Jiografia atakwambia una picha gani.

Subilaga ana macho. Alichuma chai tangu utotoni, na mchumaji wa chai hufundishwa kuona majani mawili na chipukizi katikati ya majani elfu moja yanayofanana. Kitu kikijificha, humwonei huruma Subilaga. Unakionea huruma hicho kitu.

Nkundwe ana wasiwasi. Msicheke, wasiwasi nao ni kipaji. Nkundwe akifunga mlango huusukuma mara tatu, na akiambiwa kitu kinafanya kazi huuliza, "Umejaribu ukiwa umekaa wapi?" Aliacha shule kumzaa Gwamaka, na mara nyingi anafanya kazi akiwa na Gwamaka mgongoni.

Mwezi ule tulikuwa na shida. Mtu akitaka masomo, ilimbidi aandike anwani ndefu yenye mikwaju minne, vile vistari vya mshazari, na akikosea herufi moja anarudia. Na hata akiipatia, mashine ilimfungulia somo la kwanza la kidato cha kwanza, yeyote awaye. Zamani haikuwa hivyo. Ilikuwa inakumbuka kila mtu alipoishia. Sasa Mzee Anyosisye alikuwa amesoma sehemu za mmea mara kumi na moja.

"Mzizi nimeujua," alilalamika. "Shina nimelijua. Mtaniruhusu lini nifike kwenye jani?"

Mama Syabumi, mkuu wa kituo, akawaita wasichana wake siku ya Jumatatu.

"Nataka mtu akae, aandike neno moja tu: hodi. Basi. Mashine imfungulie pale alipoishia. Alhamisi anakuja Mwalimu Mwangoka kutoka chuo cha ufundi Mbeya. Akiona kazi nzuri, ana nafasi."

"Nafasi ngapi, Mama?" akauliza Tusekile.

"Moja. Mwaka mzima, kuanzia Januari. Kulala huko, kusoma huko, cheti huko huko."

Nkundwe akauliza, "Na mwenye mtoto?"

"Hawakuandika kwamba asiwe na mtoto."

Wote watatu wakasogea hatua moja mbele. Mnajua maana ya kusogea kwa namna ile. Mtu aliyekuwa ameshakunja daftari lake na kuliweka chini ya godoro, ghafla anaikumbuka rangi yake.

Ili muihukumu kesi hii, lazima mjue jinsi mashine inavyompokea mtu. Ni rahisi. Ukishaandika jina na nywila, anayekupokea anaitwa ganda. Mafundi waliliita hivyo kwa sababu limeizunguka mashine kama ganda linavyoizunguka karanga. Ganda ndilo linalosikia tunachoandika na kwenda kukitekeleza. Lakini kabla halijakusikiliza, husoma maagizo ya kuanzia kazi, na husoma kwa utaratibu usiobadilika. Kwanza faili ya wote, inayomhusu kila anayeingia. Kisha linaenda nyumbani kwako na kutafuta majina matatu kwa zamu: .bash_profile, hiyo isipokuwepo, .bash_login, nayo isipokuwepo, .profile. Likikuta moja linaisoma hiyo na kuacha kutafuta. Zilizobaki hazisomwi, hata zingeandikwa kwa dhahabu. Tena, ukiwa umeshaingia ukafungua dirisha la pili, ganda la dirisha hilo halirudii hayo yote. Linasoma faili nyingine kabisa ya hapo nyumbani, .bashrc, basi.

Faili hizo za nyumbani zinaanza na nukta. Na faili inayoanza na nukta haionekani mtu anapoorodhesha vitu vyake kwa kawaida. Lishikeni hilo, linakuja.

Jumanne ilikuwa ya Tusekile. Alikaa, akafungua faili ya wote, akaandika mstari mmoja unaoiambia mashine masomo yanakaa wapi, ili zile anwani ndefu zife. Mstari mmoja, ndiyo. Lakini sikilizeni. Mashine ina orodha ya mahali inapotafuta amri zake zote, na anayeongeza mahali papya lazima aibebe na orodha ya zamani ndani ya mstari ule ule. Akisahau, mashine haitajua tena hata amri ya kuorodhesha faili, na watu arobaini na mmoja wataingia kwenye nyumba zisizo na kitu. Tusekile hakushika karatasi. Aliandika kwa kumbukumbu, nukta kwa nukta, akainuka, akaenda kumpeleka mama yake zahanati.

Jumatano asubuhi ikawa ya Subilaga. Mashine sasa iliyajua masomo yalipo, lakini bado ilimpa kila mtu somo la kwanza. Ajabu ni kwamba kidato cha kila mtu na somo alilofikia vilikuwa vimeandikwa vizuri kwenye .profile yake. Subilaga akaketi kwenye nyumba ya Mzee Anyosisye, akaorodhesha faili kwa ile amri inayoonyesha hata zilizojificha, na macho yake yakatua kwenye jina moja ambalo halikuwepo zamani: .bash_profile. Akaifungua. Ndani mlikuwa na salamu ambayo sote tulikuwa tukiiona kila tunapoingia, tukaipenda: KARIBU LUFUMBI. KAZI YA MIKONO YA TUSEKILE.

Mmeona? Tusekile aliiweka mwezi ule, nyumba kwa nyumba, kwa furaha tu, ili jina lake lionekane mahali. Hakujua kwamba ganda likiikuta hiyo, halifiki tena kwenye .profile. Subilaga akaifuta katika nyumba zote arobaini na moja, na pia katika ile nyumba ya mfano inayonakiliwa kila mwanafunzi mpya anapofunguliwa jina. Hakuandika hata herufi moja. Wala hakumsubiri mwenye jina arudi zahanati amwambie.

Mchana ukawa wa Nkundwe. Yeye ndiye aliyeifundisha mashine lile neno hodi, neno fupi la kuyaita masomo. Angeweza kuliweka kwenye .profile akaenda zake kula. Lakini akajiuliza kwa wasiwasi wake: mtu akifungua dirisha la pili? Maneno mafupi ya namna hiyo hayarithiwi kutoka dirisha moja hadi jingine. Akaliweka kwenye .bashrc, ambako dirisha la pili litalikuta, kisha kwenye .profile akaongeza mstari unaoiita .bashrc, ili anayeingia mara ya kwanza naye alikute. Kwa kuwa ana wasiwasi kupita kiasi, akaongeza na kwenye .bashrc mstari unaoiita .profile. Kwa usalama, alisema.

Loo! Hii ikaiita ile, ile ikaiita hii, hii ikaiita ile. Bahati yake alijaribu kwanza kwenye nyumba yake mwenyewe. Akaingiza nywila, skrini ikaganda, ikamtupa nje. Akaingiza tena, ikamtupa nje.

"Amejifungia nje ya nyumba yake na ufunguo anao mkononi!" Mzee Anyosisye akashangilia.

"Mzee, soma mzizi wako."

Ikabidi aingie kwa jina la Mama Syabumi, aufute mstari wa ziada, aanze upya. Safari hii ikatulia. Ndipo akaiweka kwenye nyumba za wote, na ile ya mfano, na akajaribu akiwa amekaa kiti cha kwanza, cha pili, mpaka cha nane, Gwamaka amelala mgongoni tangu cha nne.

Alhamisi Mwalimu Mwangoka akafika, viatu vimejaa tope jekundu.

"Shikamoo, Mwalimu!" banda zima.

"Marahaba. Nikae wapi?"

"Popote," akasema Mama Syabumi kwa kujiamini, na huku mimi nikimwona amekunja vidole vya miguu ndani ya kandambili.

Mwalimu akachagua kiti cha saba. Kati ya vyote! Kibodi ya kiti cha saba herufi zake zimefutika. Mama Syabumi akamfungulia jina jipya, mgeni, likapata nyumba yake papo hapo. Mwalimu akaandika nywila. Akaambiwa aandike hodi. Akabaki kidole juu.

"H iko wapi hapa?"

"Ni hiyo isiyo na sura, Mwalimu," Mzee Anyosisye akamwelekeza. "Ibonyeze kwa nguvu, ina usingizi."

Hodi.

Skrini ikajibu: Karibu, mgeni. Kidato cha kwanza, somo la kwanza.

Mwalimu akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayekutega. Akafungua dirisha la pili. Akaandika tena hodi. Karibu, mgeni. Kisha akamwomba Mzee Anyosisye aingie kwa jina lake. Mzee akaandika polepole, kidole kimoja. Hodi.

Karibu, Anyosisye. Sehemu za mmea: jani.

Mzee aliivua kofia yake akaiweka juu ya meza, akaanza kusoma, midomo inachezacheza. Banda likapiga makofi mpaka mabati yakajibu. Nilijivuna siku ile kana kwamba nimeifanya mimi.

"Aliyefanya kazi hii ni nani?" Mwalimu akauliza.

"Mimi," wakasema Tusekile, Subilaga na Nkundwe, kwa pamoja kabisa, kama kwaya.

Mwalimu akaitoa barua ndani ya bahasha. Ilikuwa imeshapigwa muhuri. Mahali pa jina palikuwa na mstari mmoja mtupu.

"Hapa linaingia jina moja. Gari la maziwa ninaloshuka nalo Tukuyu linapita saa nane. Naenda kunywa chai kwa Mama. Nikirudi, mniambie."

Alipotoka tu, ndipo likaanza lile la kuku na kibodi. Nanyi mlilisikia mwanzo wake. Liliendelea hivi:

"Limeziba mlango! Na mbona hukuniambia? Nilikuwa zahanati, sikuwa mwezini!"

"Ningekuambia ungekubali?"

"Ningelia kwanza, kisha ningekubali."

"Sisi hatukuwa na muda wa kulia kwanza."

"Ninyi wawili," Nkundwe akaingilia, akimpigapiga Gwamaka mgongoni, "bila mimi, hodi yenyewe ingetoka wapi?"

"Wewe uliyejifungia nje unyamaze!" wakamjibu wote wawili, na hapo, hata wao, wakacheka. Kicheko hakikukaa. Nafasi ilikuwa bado ni moja.

Mwalimu aliporudi aliwakuta wamesimama mstari mmoja. Tusekile akatangulia.

"Mwalimu, kabla hujauliza. Ile faili iliyokuwa ikiwazuia watu masomo yao ni yangu. Niliiweka ili jina langu lisomwe. Sikujua inaziba. Lakini mstari wa kwenye faili ya wote ni wangu pia, na nauandika hata nikiwa nimefumba macho."

Subilaga akasema, "Nami nilifuta jina la mwenzangu bila kumwambia. Nimekosea adabu. Kazi yenyewe sikukosea."

Nkundwe akasema, "Mimi nilijifungia nje. Lakini nilijifungia mimi peke yangu, sikumfungia mtu mwingine. Ndiyo maana ya kujaribu."

Walisema hayo vichwa juu. Mwalimu akawatazama kwa zamu, akakuna shingo.

"Nilidhani mtanirahisishia. Haya, tuione mashine yenyewe inasemaje." Akakaa tena kiti cha saba.

Akamwambia Tusekile autoe mstari wake. Akatoka, akaingia upya, akaandika hodi. Mashine ikasema haiyajui masomo yako wapi. Mstari ukarudishwa.

Akamwambia Subilaga airudishe ile faili aliyoifuta, kwa nyumba ya mgeni tu. Akatoka, akaingia. Ikatokea KARIBU LUFUMBI, KAZI YA MIKONO YA TUSEKILE, maridadi kabisa. Akaandika hodi. Mashine ikasema haijui hodi ni kitu gani. Faili ikafutwa tena, na safari hii aliyeifuta ni Tusekile mwenyewe. Alibonyeza taratibu.

Akamwambia Nkundwe aitoe mistari yake. Akatoka, akaingia. Masomo yalikuwepo, somo la mtu lilijulikana, lakini hodi haikuitikiwa na yeyote, si dirisha la kwanza, si la pili. Mistari ikarudishwa.

"Ukimtoa yeyote, mlango haufunguki," akasema Mwalimu.

Hapo banda likagawanyika. Waliokaa karibu na dirisha walisema apewe Tusekile, kwa kuwa faili yake husomwa ya kwanza, na tena amekiri bila kuulizwa. Wengine wakapaza sauti kwamba mtu hapewi zawadi kwa kufungua mlango alioufunga mwenyewe. Apewe Subilaga, aliyeona ambacho watu arobaini walikuwa wakikitazama kila asubuhi na kukipenda. Tukiwa hapo, mama mmoja kiti cha nane akauliza: na Nkundwe je, ambaye bila yeye Mwalimu angefungua dirisha la pili akatuaibisha sote? Akajibiwa kwamba Nkundwe alisafiri juu ya barabara iliyosafishwa na wenzake. Akajibu kwamba barabara isiyo na msafiri ni ya nini?

"Mzee Anyosisye, wewe unasemaje?" Mama Syabumi akauliza.

"Mimi niacheni," Mzee akasema, macho kwenye skrini. "Nimefika kwenye jani. Nikimtaja mmoja, hao wawili wengine nitawaingiaje usoni kesho?"

Honi ya gari la maziwa ikalia barabarani, mara moja, kisha mara mbili.

Mwalimu akasimama. Akaiweka barua mezani, kalamu juu yake, pale pembeni ya ile kibodi isiyo na herufi. Akaagana na Mama Syabumi, akawaambia wasichana, "Ndaga, binti zangu," yaani asanteni kwa Kinyakyusa. Watatu wale walikuwa wanautazama ule mstari mtupu, na nawaambia kweli, hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono, na hakuna hata mmoja aliyerudi nyuma.

Mwalimu akafika mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja kwenye tope. Akageuka, asiwatazame wao. Akatutazama sisi tuliokaa vitini, tuliosikia yote tangu mwanzo, akasema:

"Mimi nilibisha hodi mlango mmoja tu, na walionifungulia ni watatu. Kalamu nimeiacha hapo. Wewe uliyesikiliza, ungeandika jina la nani?"